Nyongo Iliyokuwa Ikitoka Nje: Kisa cha Mchuma Karafuu Aliyebaki na Ini Pungufu

Mgonjwa ni kijana wa miaka 26, mchuma karafuu kutoka kusini mwa Pemba. Uzito wake kilo 62, hanywi pombe, hana kisukari, na vipimo vya homa ya ini aina ya B na C havikuonyesha virusi. Hiki ni kisa cha kufundishia. Jina, kijiji, hospitali na mwaka nimeviacha kwa makusudi, na mambo madogo madogo nimeyapanga upya ili asitambulike mtu. Hoja yangu naitaja mapema: nyongo inayotoka kwenye mpira wa ubavuni baada ya ini kukatwa si maji machafu ya kupimwa na kumwagwa chooni. Ndani yake mna asidi zinazoliamuru ini lililobaki liote. Ikiisha yote nje, mgonjwa anapungukiwa na vitu vingi kwa wakati mmoja, na baadhi ya upungufu huo unafanana sana na ini lililoshindwa kazi. Ukikosea kuutambua, utamkatia tamaa mtu ambaye bado ana ini zuri.

Wapemba hawahitaji kuelezwa jinsi ajali ilivyotokea. Mikarafuu ya zamani hupita mita 10 kwenda juu, mchumaji husimama kwenye tawi akivuta vitawi kwa ngoe, na malipo ni kwa pishi, yaani kwa kipimo cha ujazo, kwa hiyo kila mtu anataka kufika pale penye vishada vingi. Tawi lilivunjika. Alianguka ubavu wa kulia juu ya kisiki. Alipofikishwa hospitali ya karibu alikuwa baridi, mapigo ya moyo 130 kwa dakika, presha ya juu 80, na altrasaundi ilionyesha tumbo limejaa damu. Mbavu tatu za chini upande wa kulia zilikuwa zimevunjika, na nyuma ya mbavu hizo ndipo ini lilipo.

Waliomfungua tumbo usiku ule walifanya jambo la busara ambalo mara nyingi halisifiwi: hawakujaribu kumaliza kazi. Ini lilikuwa limepasuka vibaya upande wa nyuma kulia. Walilikandamiza kwa vitambaa vya upasuaji kutoka juu na chini, damu ikasimama, wakafunga tumbo kwa muda na vitambaa vikiwa ndani. Mtu aliyepoteza damu nyingi anakuwa baridi, damu yake inakuwa na asidi na haigandi tena; kumkata ini katika hali hiyo ni kumuua mezani. Ndugu na jirani walitoa damu. Asubuhi yake alivushwa kwenda Unguja.

Saa 48 baadaye tulimrudisha chumba cha upasuaji. Vitambaa vilipotolewa, sehemu kubwa ya upande wa kulia ilikuwa imekufa: rangi ya kijivu, haitoi damu ikiguswa. Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud aliligawa ini katika sehemu nane, kila moja na mshipa wake wa damu na mfereji wake wa nyongo, na mgawanyo huo ndio unaotuwezesha kukata upande mmoja bila kuunyima damu upande wa pili. Tuliondoa sehemu nne za kulia, kuanzia ya 5 hadi ya 8. Kwa hesabu ya siti skani alibakiwa na ini la takriban mililita 450, ambazo kwa mwili wake ni kama asilimia 37 ya ini kamili. Tuliacha mpira mmoja wa kutoa maji ubavuni. Siku ninazozitaja kuanzia hapa nazihesabu tangu upasuaji huu wa pili.

Asilimia 37 inatosha? Kwa ini lenye afya, ndiyo. Mpaka unaotumika na wapasuaji wengi ni asilimia 20 hadi 25 kwa ini zima lisilo na ugonjwa, kama 30 kwa lililopigwa na dawa za saratani, na 40 kwa lenye makovu. Ini linaota tena, na jambo hilo lilipimwa vizuri zamani: mwaka 1931 Higgins na Anderson waliondoa theluthi mbili za maini ya panya na kuona uzito ukikaribia kurudi ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa binadamu huchukua muda mrefu zaidi, lakini watu wanaojitolea nusu ya ini kwa ndugu zao hurudisha sehemu kubwa ya ujazo ndani ya miezi mitatu. Umbo la zamani halirudi. Sehemu zilizobaki ndizo zinazonenepa.

Siku ya kwanza ilikwenda kama tulivyotarajia. Bilirubini, yaani rangi ya manjano inayotokana na damu iliyovunjika na kutolewa na ini, ilikuwa mikromoli 34 kwa lita, INR, yaani kipimo cha kuganda kwa damu, 1.9, na vimeng'enya vinavyovuja kutoka seli za ini zilizoumia vilikuwa juu sana, ALT 1,650. Siku ya pili fosfeti ilishuka hadi 0.5. Wanafunzi huiogopa namba hiyo, na ni kweli lazima irekebishwe kwa dripu, maana ikizidi kushuka misuli ya kupumulia inalegea. Lakini mimi huifurahia. Fosfeti hushuka baada ya ini kukatwa hata kwa wanaopona vizuri, na asiyeshuka kabisa ndiye hunitia wasiwasi.

Siku ya tatu maji ya mpira yalibadilika kutoka mekundu kuwa ya rangi ya dhahabu, kisha kijani. Mililita 300 kwa siku. Tulipeleka maabara maji hayo pamoja na damu. Bilirubini ya damu ilikuwa 48, ya maji ya mpira 310. Kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2011, bilirubini ya maji ya mpira ikiwa mara tatu au zaidi ya ile ya damu kuanzia siku ya tatu, hapo nyongo inavuja. Yeye alikuwa na zaidi ya mara sita. Hapakuwa na ubishi.

Kilicholeta ubishi ni siku ya tano.

Upo mpaka maarufu uliotolewa na wapasuaji wa Ufaransa mwaka 2005: siku ya tano baada ya upasuaji wa ini, kama bilirubini imezidi 50 na uwezo wa damu kuganda umeshuka chini ya asilimia 50, ambayo ni INR ya kama 1.7, hatari ya kufa ni kubwa mno, zaidi ya nusu. Kijana wetu alikuwa na bilirubini 57 na INR 1.7. Kwa karatasi, alikuwa ameingia kwenye mpaka huo. Pakatolewa wazo la kuwaita wazee na kuwaandaa.

Mimi niliwaomba wenzangu tumtazame mgonjwa kabla ya karatasi. Alikuwa macho, anajua siku, anamuuliza ami yake karafuu zimekwisha anikwa au bado. Akinyoosha mikono, haipigi makofi hewani kama ya mtu ambaye sumu zilizolishinda ini zimefika ubongoni. Sukari ya damu ilikaa sawa bila dripu ya glukosi, na ini linaloshindwa kazi halihifadhi sukari. Mkojo ulitoka vizuri. ALT ilikuwa imeshuka hadi 420. Ini lililokuwa linakufa halikuonekana popote isipokuwa kwenye namba mbili, na kila namba ilikuwa na sababu nyingine.

Bilirubini kwanza. Huyu alikuwa ameongezewa damu nyingi ya watu, na tumboni mwake mlibaki madonge ya damu iliyomwagika. Damu hiyo yote inapovunjwa hutoa bilirubini, na mzigo wake huangukia ini dogo lililobaki. Kwa mgonjwa aliyeumia, bilirubini ya 57 haina uzito uleule iliyo nao kwa aliyekatwa uvimbe kwa utaratibu na kupoteza damu kidogo.

INR nayo ndiyo iliyofungua kisa kizima. Ini hutengeneza viini vya kugandisha damu, lakini vinne kati yake, cha II, cha VII, cha IX na cha X, haviwezi kukamilika bila vitamini K. Vitamini K inayeyuka kwenye mafuta, na mafuta hayafyonzwi vizuri utumboni bila nyongo. Siku ya tano mpira ulikuwa unatoa mililita 550, na choo chake cha kwanza kilikuwa cheupe. Hesabu hiyo haikuhitaji mashine: ini la mtu mzima hutoa nyongo mililita 500 hadi 1,000 kwa siku, hili ni ini dogo, na nusu lita inatoka ubavuni. Karibu hakuna nyongo iliyokuwa ikifika utumboni. Ongeza kwamba hakuwa amekula kwa siku kadhaa na alikuwa kwenye viuavijasumu, ambavyo huua bakteria wa utumboni wanaotengeneza sehemu ya vitamini hiyo.

Basi tukampa vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa, taratibu, siku ya tano, ya sita na ya saba. Siku ya saba INR ilikuwa 1.3. Ini lililoshindwa haliitikii hivyo, hata ulipe vitamini kiasi gani, kwa sababu kiwanda chenyewe kimevunjika. Hili letu lilikuwa na kiwanda kizima kilichokosa malighafi. Maneno ya kuwaandaa wazee yalikoma.

Lakini mgonjwa hakuwa salama bado. Mpira ulipanda hadi mililita 650. Sodiamu ilishuka hadi 128, kwa sababu nyongo ina chumvi nyingi kama damu yenyewe na bikaboneti juu yake. Ukimwaga lita moja ya nyongo umemwaga lita moja ya maji ya chumvi. Alichoka, akakosa hamu ya kula, choo kikabaki cheupe. Siku ya tisa tulimfanyia siti skani kutafuta usaha. Usaha haukuwepo, ila kisiki cha mfereji wa nyongo wa upande wa kulia kilionekana ndicho kinachovuja. Tulitumia picha zilezile kupima ini: mililita 520. Siku tisa, na lilikuwa limeongeza 70 tu. Kwa kijana mwenye ini safi nilitarajia zaidi, maana wiki mbili za mwanzo ndizo ini hukimbia kwa kasi.

Hapa lazima nisimame kwenye asidi zenyewe, kwa sababu ndipo watu wengi, hata waliosomea, huishia kusema nyongo inasaga mafuta na kuendelea na mengine.

Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli. Kimeng'enya kinachoamua kasi ya kazi hiyo kinaitwa CYP7A1. Asidi mbili za mwanzo ni ya kole na ya kenodeoksikole. Ini huzifunga na glisini au taurini kabla ya kuzitoa, na bakteria wa utumboni hugeuza sehemu yake kuwa asidi nyingine. Mwili mzima una akiba ya gramu 2 hadi 4 tu, chini ya kijiko cha chai kilichojaa. Kiasi hicho kidogo kinatosha kwa sababu kinazunguka: kinamwagwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kinafanya kazi ya kuyeyusha mafuta, kinafyonzwa mwishoni mwa utumbo huohuo na kurudi kwenye ini kwa mshipa unaobeba damu ya matumboni. Ni kama daladala chache za Chake na Mkoani: abiria ni wengi, magari ni machache, lakini kila gari linarudia safari mara nyingi kwa siku. Asidi hizi huzunguka mara kadhaa kila siku, asilimia 95 hivi hurudi, na ini hulipia pengo kwa kutengeneza nusu gramu hivi.

Mzunguko huo unabeba pia habari. Mwaka 1999 watafiti waligundua kwamba asidi za nyongo huwasha kipokezi kilichomo ndani ya seli kiitwacho FXR. Kipokezi hiki kimo kwenye seli za ini na kwenye seli za mwisho wa utumbo mwembamba. Asidi zikifika utumboni, seli za pale hutoa homoni iitwayo FGF19, inayosafiri kwenye damu hadi ini na kuliambia mambo mawili: punguza kutengeneza asidi mpya, na endelea kukua. Ndani ya ini lenyewe, asidi zilizorudi nazo huwasha FXR.

Sasa tazama kinachotokea ini likikatwa. Asidi zilezile zilizokuwa zikirudi kwa seli za ini zima zinarudi kwa theluthi ya seli. Kila seli inapata mzigo mkubwa kuliko jana yake. Seli inasoma mzigo huo kama taarifa kwamba wenzake wamepungua, na inaanza kugawanyika. Mwaka 2006 jambo hili lilionyeshwa kwa panya: waliokosa FXR walichelewa kuotesha ini baada ya kukatwa, waliolishwa asidi ya kole kwa kiasi kidogo maini yao yalikua haraka zaidi, na waliopewa dawa ya kunasa asidi utumboni walichelewa. Si asidi peke yake inayofanya kazi hiyo; shinikizo la damu kwenye mshipa wa matumboni, homoni kutoka kongosho na kemikali za kinga zote zimo. Lakini asidi ni mojawapo ya amri kubwa.

Kipimo chake ni chembamba, na hili nataka lisisahaulike. Asidi za nyongo ni sabuni. Zikizidi ndani ya seli zinaitoboa na kuiua. Ndiyo maana ini linalokua hukandamiza CYP7A1 siku za mwanzo, lisijiongezee asidi mpya juu ya zile zinazorudi. Ndiyo maana pia mgonjwa aliyezibwa mfereji wa nyongo, mwenye macho ya manjano kabla ya upasuaji, kwa kawaida hufunguliwa njia kwanza ndipo akatwe ini kubwa. Nyingi mno inaua, na kutokuwepo kabisa kunachelewesha. Mgonjwa wetu alikuwa upande wa pili: nyongo ilitoka nje, utumbo haukuona asidi, FGF19 haikutolewa. Kisha inakuja hasara ya tatu. Ini lisilosikia breki hiyo huongeza utengenezaji wa asidi mara kadhaa, likitumia kolesteroli na nguvu, wakati huohuo linatakiwa kutumia kila kitu kujijenga. Linafanya kazi usiku na mchana kujaza mfuko wa plastiki.

Ufumbuzi wa kudumu ulikuwa stenti, kijimrija cha plastiki kinachopitishwa kwa kamera kupitia mdomoni hadi kwenye mfereji mkuu wa nyongo, ili nyongo ipate njia rahisi ya kuingia utumboni na kisiki kipumzike kipone. Kwa huyu ilimaanisha safari ya Dar es Salaam, na nafasi ilipatikana siku kadhaa mbele. Tungeweza kungoja tu tukiweka dripu. Tukaamua kumrudishia nyongo yake mwenyewe. Wapasuaji wa Japani, ambao hukata saratani nyingi za mifereji ya nyongo, wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi. Wagonjwa wengine huinywa baridi, wengine hupewa kwa mpira wa puani.

Mama yake hakukataa. Alinyamaza, akamtazama shemeji yake. Ami ndiye aliyeuliza, kwa upole: "Daktari, samahani mwanangu. Kitu kilichotoka tumboni, tukirudishe tumboni? Si najisi hiki?"

Nilimjibu kwamba swali la tiba nalijibu mimi, la dini alipeleke kwa mwenye elimu nalo, na kwamba nitasubiri. Alimpigia shehe wake Pemba simu ikiwa wazi ili nisikie. Shehe aliuliza mambo mawili ambayo ningependa kila daktari kijana ayaulize. Je, mgonjwa anahitaji kweli, au ni jaribio? Na je, hakuna kitu tohara kinachofanya kazi hiyo? La pili lilinifanya nifikiri kabla ya kujibu. Vidonge vya asidi ya nyongo vipo, vya aina ya urso, lakini asidi hiyo haiwashi FXR kama zile za asili, na kidonge hakirudishi maji, chumvi wala bikaboneti. Nikamweleza hivyo. Akasema kwa madhhabi ya Shafi nyongo ni najisi, lakini kujitibu kwa najisi isiyokuwa ulevi kunaruhusiwa pale pasipo na mbadala ulio tohara na mtabibu mwaminifu akathibitisha haja; basi mfanyieni. Mama akashusha pumzi na kusema, "Haya, tuanze."

Tulianza siku ya kumi. Utaratibu ni rahisi, lakini unahitaji wauguzi wenye moyo, na tulikuwa nao. Kabla ya yote tuliotesha nyongo maabara, na bakteria hawakupatikana. Mfuko wa ubavuni uliwekwa safi, ukamwagwa kila baada ya saa nne kwenye chombo kilichochemshwa, nyongo ikachujwa kwa shashi safi, ikapewa kwa mpira wa puani zamu ileile, bila kulala. Nyongo yenye harufu, usaha au damu hairudishwi hata tone. Siku hiyo ya kwanza ya kuirudisha ilikwenda haraka mno: akaumwa tumbo na kuharisha, kwa sababu asidi zikipita kwa wingi hadi utumbo mpana huuwasha na kuufanya umwage maji. Tukapunguza kasi, mililita 50 hivi kwa saa, amekaa, usiku tukapumzisha. Kuharisha kukakoma. Nilitamani ncha ya mpira wa puani ivuke tumbo iingie utumbo mwembamba, maana nyongo tumboni hutia kichefuchefu, lakini ilijikunja kila ilipojaribiwa, tukaridhika na mwendo wa polepole.

Siku ya kumi na mbili choo kilianza kupata rangi. Siku ya kumi na nne sodiamu ilikuwa 134 bila kuongeza dripu, bilirubini 38, na aliomba chakula mwenyewe.

Chakula nacho kilikuwa na ubishi wake, kwani ndugu walikuwa wameambiwa na watu wodini kwamba mwenye ini bovu asile samaki wala mayai. Kwa mgonjwa huyu ushauri huo ni hatari. Ini linajengwa kwa protini, na kwa kilo zake 62 tulitaka gramu 75 hadi 90 kila siku: mchuzi wa changu, dagaa waliosagwa kwenye uji, mayai, maharage. Kupunguza protini kwa woga huwanyima wagonjwa wengi kupona. Mafuta tuliyaongeza kidogo kidogo kadiri choo kilivyopata rangi. Waliuliza kuhusu tui. Tui la nazi lina sehemu ndogo ya mafuta mafupi yanayofyonzwa hata nyongo ikiwa haba, ila mengi yake yanahitaji nyongo kama mafuta mengine, kwa hiyo jibu langu lilikuwa tui jepesi, la pili, si la kwanza. Mama alileta pia kombe, yaani aya zilizoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Lilioshwa kwa maji yaliyochemshwa, vikombe vidogo, sikuona sababu ya kulizuia. Chupa ya mizizi iliyochemshwa niliomba iwekwe kando, na nilieleza kwa nini: ini dogo husafisha dawa polepole, na mchanganyiko ambao hakuna anayejua kilichomo unaweza kuliharibu kabla halijakua. Ami aliichukua akarudi nayo nyumbani bila kinyongo.

Siku ya kumi na sita alipelekwa Dar es Salaam, stenti ikawekwa. Ndani ya siku sita mpira ulishuka kutoka mililita 600 hadi 40. Siku ya 27 tuliutoa. Siku ya 30 siti skani ilionyesha ini la mililita 830.

Niseme wazi kinachoweza na kisichoweza kudaiwa hapa. Kati ya siku ya 9 na ya 30 ini liliongeza mililita 310, baada ya kuongeza 70 tu siku tisa za mwanzo. Napenda kuamini kwamba nyongo iliyorudi ndiyo iliyobadilisha kasi. Lakini katika siku hizohizo alianza kula, madonge ya damu tumboni yalinyonywa, uchovu uliisha, na stenti iliwekwa. Mgonjwa mmoja hawezi kutenganisha mambo hayo. Ninachoweza kusimamia bila shaka ni vitu vitatu: vitamini K ilisahihisha INR ambayo ilikuwa imehesabiwa kama kushindwa kwa ini, chumvi ilipanda nyongo iliporudi, na hakuna madhara yaliyotokea isipokuwa kuharisha kwa siku moja. Kwa matibabu yasiyogharimu zaidi ya shashi, chombo safi na muda wa muuguzi, naona hayo yanatosha kuyaanza mapema kwa mgonjwa anayefuata, mradi nyongo haina bakteria na utumbo unafanya kazi.

Na mapema nakusudia siku ya tatu au ya nne, mara tu kipimo cha maji ya mpira kinapothibitisha uvujaji na kiasi kinapopita mililita 300. Kumbukumbu ya wodi inapaswa kuandika kiasi cha nyongo, rangi ya choo na INR kwenye mstari mmoja, si kila kimoja kwenye karatasi yake, kwani vikiwa pamoja daktari wa zamu ya usiku anaweza kuona uhusiano wao bila kusubiri mkubwa wake. Vitamini K apewe kila anayevuja nyongo kwa wingi, bila kungoja damu ishindwe kuganda.

Stenti ilitolewa wiki ya nane. Mwezi wa tatu alikuja na boti kutoka Mkoani, kilo 60, macho meupe, bilirubini 11, INR 1.0. Altrasaundi ilionyesha upande wa kushoto umenenepa na kuvuka mstari wa kati, mifereji ya nyongo ikiwa myembamba kama inavyotakiwa. Tulianza chanjo ya homa ya ini B, na tukamwandikia parasetamoli isizidi gramu 2 kwa siku kwa maumivu ya mbavu mpaka tutakapomwona tena mwezi wa sita. Kuhusu kazi, tulikubaliana abaki chini na wanaochambua na kuanika kwa msimu mmoja, na ami yake ndiye aliyeahidi kumgawia pishi zake.